Upepo, miti na mbaazi: tunayoamini na yanayotokea shambani

"Safu ya miti ikiwa nzito kama ukuta, ndivyo inavyokinga zaidi."

Sivyo. Upepo ukigonga ukuta hupanda juu, kisha huanguka upande wa pili ukizunguka kwa fujo, na mahindi ya hapo hulala. Safu nzuri hupitisha karibu nusu ya upepo, ukiwa umepunguzwa nguvu. Miti ya mita 10 iliyopandwa hivyo hukinga vizuri hadi mita 100 hivi nyuma yake. Ila usiache pengo katikati: upepo hujibana hapo na kupita kwa kasi kuliko uwanda mtupu.

"Kazi ya miti hiyo ni kupoza shamba."

Dhana hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana imefanya watu wakate miti inayowafaa. Kivuli hupoza, kweli, lakini kivuli cha safu hufika mita chache tu. Ukisogea mbali nacho, mchana hewa huwa na joto kidogo kuliko nje ya eneo linalokingwa, kwa kuwa upepo hauichanganyi na hewa ya juu. Mkulima anayepita hapo saa nane akasikia fukuto hudhani shamba limeharibika.

Faida iko kwenye maji. Upepo hupeperusha unyevu unaotoka udongoni na majanini, hewa kavu ikachukua nafasi yake, na mmea huzidi kukamuliwa. Upepo ukitulia, unyevu hubaki kati ya majani. Singida na Dodoma, kwenye msimu mmoja tu wa mvua na upepo mwingi wa mashariki, hilo huusaidia mtama kujaza punje kabla udongo haujakauka. Safu na ielekee kaskazini–kusini, ikate upepo huo.

Unyevu una gharama yake pia: umande hukawia kukauka, na maharage huweza kupata ugonjwa wa kutu. Kwenye milima yenye ukungu, punguza matawi zaidi.

"Miti hula mazao."

Mistari iliyo jirani na miti hupungua mavuno, hilo halina ubishi. Pogoa matawi, chimba mtaro wa kukata mizizi upande wa shamba, na usipande mkaratusi hapo.

"Mbaazi huyanyang'anya mahindi maji."

Wakulima wa Babati huzichanganya, na wana sababu. Mbaazi za muda mrefu hukua polepole mwanzoni, wakati mahindi yanahitaji maji mengi, na mizizi ya mbaazi huzama chini zaidi. Mahindi yakivunwa, zenyewe hubaki zikitumia unyevu wa chini, zikifunika udongo kwa majani yanayopukutika na kupunguza upepo wa kiangazi. Ndiyo maana ng'ombe wasifunguliwe shambani mara tu mahindi yanapovunwa. Mbaazi bado zina miezi kadhaa ya kazi.