Mhusika Hatangazi Kwamba Amebadilika

Kuna sentensi moja ninayoikuta karibu katika kila mswada wa riwaya ya nafsi unaofika mezani kwangu. Huwa karibu na mwisho. Mhusika mkuu amesimama dirishani, mvua inanyesha au imekwisha kunyesha, na mwandishi anaandika: "Hapo ndipo alipotambua kwamba hakuwa tena mtu yule wa zamani." Nikifika hapo naweka kalamu chini kwa huzuni ya kweli. Kurasa mia mbili zilizotangulia zilikuwa na kazi moja, kunionyesha mtu huyo akigeuka polepole mbele ya macho yangu. Sasa mwandishi ameamua kunipa taarifa.

Riwaya ya aina hii haina vita wala hazina iliyofichwa. Ina watu wawili au watatu, nyumba na miaka. Msuko wake ni uhusiano: ndoa inayopoa, mama na binti waliokoseana zamani, marafiki waliozoeana mpaka hawaonani tena wakiwa chumba kimoja. Taharuki yake nayo ni ya namna yake. Msomaji hangoji kitakachotokea, anangoja siku ambayo mhusika ataona kile ambacho yeye msomaji amekwisha kukiona tangu sura ya tatu.

Darasani tulifundishwa istilahi za kazi hii: uzungumzinafsia, yaani mhusika kusema na nafsi yake; mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye yaliyopita; na mkondo wa mawazo. Hiyo ya mwisho ina historia nzuri. Mwanasaikolojia William James aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1890, akitaka kueleza kwamba fikra hazikatiki vipandevipande bali hutiririka kama mto, na mwaka 1918 mwandishi wa Kiingereza May Sinclair akaiazima kueleza riwaya za mwenzake Dorothy Richardson. Naziheshimu istilahi hizo, lakini nimehariri kwa muda wa kutosha kujua kwamba hazimwonyeshi mwandishi wa Kiswahili mahali pa kushika. Pa kushika pako ndani ya kitenzi.

Chukua hu- ya mazoea. Ukisema "ninaamka" au "anaamka", kitenzi kinakutajia nani anaamka. Ukisema "huamka", hakitaji mtu. Kiambishi cha nafsi hakipo. Na nafsi ya wanasarufi ni neno lilelile tunalolitumia kwa ule utu wa ndani ambao riwaya hizi zinautafuta. Sidhani kama kuna zawadi kubwa zaidi ambayo lugha yetu imempa mwandishi wa ndoa iliyochoka. Soma mfano huu nilioutunga kwa ajili ya wanafunzi wangu. Anayesimulia ni mke:

"Huamka kabla yake. Hufungua dirisha, huchukua miwani yake mezani, huifuta kwa upindo wa gauni na kuirudisha palepale. Husalimu. Hujibiwa."

Vitenzi vyote hivyo, na ni- haimo hata katika kimoja. Mwanamke anasimulia maisha yake mwenyewe naye hayumo. Msomaji huenda asijue kwa nini aya hii inambana kifua, lakini inambana. Mwandishi mwenye pupa angeandika "nilikuwa nimejipoteza katika ndoa ile", na hapo mlango ungefungwa. Sasa ruka kurasa hamsini:

"Asubuhi ile niliamka kabla yake. Nilifungua dirisha. Miwani ilikuwa mezani, ina vumbi kwenye vioo. Niliitazama."

Ni- imerudi mara tatu katika mistari miwili. Miwani haikufutwa. Tena si "miwani yake", ni "miwani" tu. Hakuna aliyetangaza chochote, na bado ukimwuliza msomaji atakwambia kwamba mwanamke huyu si yule wa mwanzo, na atakuwa na hakika kuliko kama angeambiwa.

Mshiko wa pili ni kauli ya kutendana. Kupendana, kusikilizana, kungojeana, kuvumiliana: uhusiano wote wa binadamu umehifadhiwa katika silabi hiyo ndogo, -an-. Kauli hii inadai wawili. Mmoja akiacha, kitenzi kinavunjika na kinabaki na mtendaji upande mmoja na mtendwa upande wa pili. "Walingojeana" inakuwa "alimngoja".

Niliwahi kumshauri mwandishi mmoja apitie mswada wake akipigia mstari vitenzi tu, bila kusoma hadithi. Sura nne za kwanza zilijaa -ana. Kuanzia ya sita zilijaa -m-: alimsikiliza, alimsubiri, alimsamehe. Yeye mwenyewe hakuwa ameliona hilo. Mkono wake ulikuwa umeandika ukweli kabla ya akili yake. Katikati, sura ya tano, palikuwa na ugomvi wa kurasa tisa wenye kupiga kelele na kuvunja glasi. Tuliuondoa wote. Haukuwa na kazi, kwa kuwa ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjika ndani ya vitenzi.

Kuna vitenzi viwili vya kauli hii ambavyo namwomba kila mwandishi avikalie kwa muda. Cha kwanza ni kuzoeana. Kina joto ndani yake, na kina upofu. Aliyenizoea anajua hatua zangu gizani, na kwa sababu hiyohiyo hawashi taa anitazame. Riwaya nyingi nzuri zinaanzia hapo. Cha pili ni kuachana. Tunakitumia kwa adabu, kana kwamba wawili walisimama pamoja, wakageukiana migongo na kuhesabu hatua sawa. Mara nyingi mmoja aliacha na mwingine akaachwa, na umbali kati ya "tuliachana" na "niliachwa" unaweza kumchukua mhusika riwaya nzima kuuvuka. Akiuvuka, amebadilika.

Kuhusu -ji-, kiambishi cha mtu kujitendea mwenyewe, nitasema machache, maana hapa tatizo ni wingi. Alijiuliza, alijiambia, alijihisi: waandishi wanadhani ndiyo lango pekee la kuingilia moyoni. Mara nyingi ukikiondoa kitenzi hicho, sauti ya mhusika inasikika yenyewe. "Alijiuliza kama mumewe bado alimpenda" ni ripoti. "Angempenda vipi? Hata jina lake halitaji siku hizi" ni yeye mwenyewe, ingawa msimulizi bado anatumia nafsi ya tatu.

Lakini fikra zinaanzia wapi? Hili linanikera kuliko yote: mhusika anayekaa tu na kuanza kuwaza kwa sababu mwandishi alihitaji sura ya kuwaza. Mwandishi wa riwaya Henry James, ndugu yake William niliyemtaja, alitoa jibu katika riwaya yake ya mwaka 1881, The Portrait of a Lady. Sura ya 42 ni mwanamke mmoja, Isabel Archer, anayekaa peke yake mbele ya moto usiku, akiwaza kuhusu ndoa yake hadi saa kumi alfajiri, taa imezimika na mishumaa imeteketea. Hakuna kingine kinachotendeka. Miaka mingi baadaye, katika dibaji ya toleo la 1908, James aliitaja kuwa sehemu bora ya kitabu. Kinachonivutia mimi ni kilichotangulia. Mchana mmoja Isabel aliingia chumbani akamkuta mumewe ameketi, na rafiki yao, Madame Merle, amesimama mbele yake, wote wawili kimya. Basi. Mwanamume ameketi, mwanamke amesimama, na ukimya wa watu wasiohitaji kuambizana kitu. Usiku ule wote wa kuwaza umejengwa juu ya kiti kimoja. Jicho liliona kabla akili haijakubali kuona.

Wengine huniambia kwamba utafiti huu wa ndani si asili ya fasihi yetu. Siafiki. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alimpa Kazimoto, mhusika mkuu wa riwaya yake Kichwamaji, nafsi ya kwanza, akatuweka ndani ya kichwa chake bila kutuomba radhi. Lugha ilimudu wakati ule, na inamudu leo.

Nina ombi kwa wanaoandika: mtazameni na yule wa pili. Katika miswada mingi mhusika mkuu ana bahari moyoni, na mwenzake ni ukuta. Uhusiano hauwezi kubadilika upande mmoja tu. Yule mume wa miwani ataamka siku moja, avae, aone ukungu kwenye vioo. Atafanya nini? Ataifuta mwenyewe bila neno? Ataita? Akikaa nayo hivyohivyo siku nzima, akiutazama ulimwengu kupitia vumbi, nitataka sura nzima kumhusu.

Mwandishi wa mmojawapo wa miswada ile ya dirishani alinirudishia kazi yake baada ya miezi kadhaa. Mvua haipo, wala dirisha. Wawili wameketi ukumbini kama walivyoketi katika ukurasa wa kwanza, ambapo aliandika: "Tulinyamaza." Ukurasa wa mwisho sasa unasema: "Alinyamaza. Nami nilinyamaza." Sikugusa kitu.