Kunakili Mafaili Si Kuhamisha Windows

Mjini Moshi bado husikika kwamba ukinakili mafaili yote ya C (sehemu ya diski yenye Windows) kwenye SSD mpya (diski isiyo na sehemu zinazozunguka), kompyuta itafungua Windows kama zamani. Haifungui, na SSD hulaumiwa bure. Kompyuta zinazotumia UEFI, programu ya ndani inayoamsha mashine, huanza kwa kusoma sehemu ndogo ya diski iliyofichwa, yenye muundo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, ambamo kuna programu ya kuwashia Windows na kumbukumbu ya mahali mfumo ulipo. Sehemu hiyo haimo ndani ya C, kwa hiyo kunakili hakuigusi. Isitoshe, mafaili yanayotumika wakati huo hukataa kunakiliwa. Kinachofaa ni kukloni diski nzima, yaani kuinakili yote pamoja na sehemu zilizofichwa, kisha kuichomoa ya zamani kabla ya kuwasha, kwa kuwa zote mbili sasa zina utambulisho mmoja.