Kwa nini mashine ya CNC huambiwa 50 ikakata 50.06?

CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Programu imeandikwa sawa, skrini inasoma milimita 50.00 kamili. Unakitoa kipande cha alumini, unakibana kwenye maikromita: 50.06. Fundi mgeni huilaumu kompyuta, naye huionea. Kompyuta huhesabu mizunguko ya mota ikajua meza imesogea kiasi gani, basi. Makali ya kisu yako wapi hasa, haiyaoni.

Na kisu, kile kijiti cha chuma kinachozunguka na kukata, hupinda, kiwe kigumu namna gani. Kimeshikwa upande mmoja tu, kama ufito wa kuvulia samaki. Kikiisukuma alumini, nayo hukisukuma. Kikirudi nyuma 0.03 kila upande, hiyo ndiyo 0.06 yako. Ukitaka kuliona hili kwa macho, rudia njia ileile bila kubadili namba hata moja. Kisu kingepaswa kupita hewani, lakini utakisikia kikikwaruza na kuona unga unaong'aa ukidondoka. Ni alumini iliyosalimika kisu kilipopinda.

Urefu ndio adui mkubwa. Kisu kikichomoza mara mbili zaidi, kwa nguvu ileile kupinda huongezeka mara 8. Kipenyo kikiwa maradufu, kupinda hushuka hadi sehemu moja ya 16. Kwa hiyo kabla hujagusa programu, kirudishe kisu ndani ya kishikio, kibaki urefu unaotosha kina cha kazi tu, na uchague kinene kadiri kona zinavyoruhusu. Acha 0.2 au 0.3 kwa mkato wa mwisho. Pima kipande kingali kimebanwa kwenye jiliwa, ingiza tofauti kwenye fidia ya kisu, yaani namba inayoiambia mashine isogeze njia ya kisu, ndipo umalizie.

Halafu kuna joto. Alumini ya milimita 200 ikiongezeka nyuzi 15 hurefuka kama 0.07. Ukiipima ya moto ikasoma sawa, ikipoa itakuwa fupi. Ndiyo maana viwanda duniani vimekubaliana kipimo halali ni cha nyuzi 20. Dar es Salaam mchana wa Januari hupita 30, kwa hiyo nawasihi mafundi wenzangu: acheni kipande kipoe, na maikromita ikae kando yake kwanza. Mashine nayo izungushwe tupu asubuhi kabla ya kazi, kwa sababu skrubu ndefu inayosukuma meza hurefuka ikipata moto, na kipande cha saa mbili asubuhi hakitalingana na cha saa nane mchana.