Kwa nini makaa ya mawe ya Ludewa yanaonekana kwenye kingo za makorongo?

Ukishuka kwenye makorongo ya Mchuchuma na Ketewaka, wilayani Ludewa mkoani Njombe, utakuta mstari mweusi umepita katikati ya ukuta wa mawe ya kijivu na manjano. Uguse, vidole vinabaki vyeusi. Banja kipande ukipime mkononi: uzito wake ni kama nusu ya jiwe la kawaida la ukubwa huohuo, na ndani kuna mistari inayong'aa iliyopishana na iliyofifia. Hayo ni makaa ya mawe. Lakini makaa ya mawe huivia chini sana ardhini. Yamefikaje hapa juu?

Turudi nyuma miaka milioni 280 hivi. Afrika, India, Australia, Antaktika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja, Gondwana, na Ludewa ilikuwa kusini sana kuliko ilivyo leo, kwenye baridi. Chini ya tabaka za makaa bado yapo mawe yaliyoachwa na barafu kuu za zama hizo, kokoto na tope vimevurugana. Barafu ilipoyeyuka, mabonde yakawa vinamasi vilivyojaa mimea, hasa Glossopteris, iliyokuwa na majani yenye umbo la ulimi. Majani na magogo yalianguka kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha, yakashindwa kuoza hadi kuisha. Yakarundikana. Kisha mto ukahama njia na kumwaga mchanga juu yake. Kinamasi kikarudi, mchanga ukarudi. Ndiyo maana makaa ya Mchuchuma hayako kwenye tabaka moja, yamepishana na mawe ya mchanga na tope lililogeuka jiwe. Uzito wa vyote hivyo, pamoja na joto la ardhini, ukakamua maji na gesi hadi ikabaki zaidi kaboni.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni hii. Ardhi ilipasuka kwa nyufa ndefu, na vipande vyake vikadidimia. Mashapo, yaani mchanga, tope na makaa yaliyorundikana, yaliyozama na vipande hivyo, ambayo wanajiolojia huyaita Karoo, yalikingwa yasisombwe na maji. Tazama Milima ya Livingstone hapo jirani: yenyewe ni miamba migumu ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja, na juu yake hutaona makaa. Bila kuzama kule, Mchuchuma isingekuwa na kitu.

Baadaye, nyufa zilezile zilipoamka wakati Bonde la Ufa na Ziwa Nyasa vikiumbika, tabaka ziliinamishwa. Weka rundo la mikeka sakafuni, uinue upande mmoja, kisha ulikate kwa juu: ncha ya kila mkeka itaonekana. Kisu cha Ludewa ni mito. Inateremka kwa kasi kuelekea Mto Ruhuhu na Ziwa Nyasa, inakata mawe laini, na pale inapokatiza mkeka mweusi, makaa yanajitokeza.

Ila usiyapime makaa yote kwa hayo ya juu. Jua, mvua na hewa vimeyalegeza, yanameguka ovyo na joto lake limepungua. Kwa hiyo wapimaji wakiuona mstari mweusi kwenye ukingo, huangalia umeinamia upande gani, kisha huenda kuchoronga, yaani kutoboa ardhi, upande huohuo, kuufuata chini ambako hewa haijaufikia.