Santuri isiyokwisha: Godspeed You! Black Emperor kwa sikio la fundi sauti

Kuna usiku nilisinzia na kuiacha santuri ikizunguka. Nilipoamka alfajiri ilikuwa bado inalia: kipande kifupi mno cha muziki, kile kile, kinarudi na kurudi, kama mtu aliyekusudia kusema jambo akakwama kwenye neno la kwanza. Nikapiga hesabu hapo hapo kitandani. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, yaani mizunguko 2,000 kwa saa. Nilikuwa nimelala kama saa tano. Sindano yangu, niliyoinunua kwa kujinyima, ilikuwa imepita mahali pamoja mara 10,000.

Kosa ni langu, maana albamu hiyo ya Godspeed You! Black Emperor, bendi ya Kanada, ilinionya kwa jina lake: F♯ A♯ ∞. Zile herufi mbili ni noti za muziki. Alama ya tatu ni ya kitu kisicho na mwisho, na wenyewe hawakuiweka kwa pambo. Upande mmoja wa santuri una mfuo (mfereji mwembamba anamopita sindano) mmoja tu, mrefu, unaojizungusha kutoka ukingoni kuelekea katikati. Muziki ukiisha, mchongaji wa santuri huufunga mfuo uwe duara ili sindano isiendelee hadi kwenye karatasi ya lebo. Duara hilo kwa kawaida huwa kimya. Hawa Wakanada wakalitia muziki. Upande wa pili, basi, hauna dakika zake: unaisha utakapochoka wewe na kunyanyua mkono wa gramafoni.

Godspeed You! Black Emperor walianza Montréal mwaka 1994 wakiwa watatu. Kaseti yao ya kwanza ilitoka nakala 33 tu. Baada ya hapo watu waliingia na kutoka hadi kundi likatulia kwenye wanamuziki tisa hivi: magita matatu, besi mbili, fidla, selo (fidla kubwa ya sauti nzito), na wapiga ngoma wawili. Mwimbaji hawana. Sauti za watu zimo, lakini ni za kuzungumza. Kuna mzee anayekumbuka jinsi watu walivyokuwa wakilala ufukweni Coney Island, New York, zamani hizo. Jukwaani hawasemi na watu, na nyuma yao hurushwa picha za filamu za milimita 16.

Ile F♯ A♯ ∞ ilitolewa mwaka 1997 na Constellation, lebo ya mji huo huo. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 500, majalada yametengenezwa kwa mikono, na ndani yake mlikuwa na sarafu iliyolazwa relini ikasagwa na treni. Mwaka uliofuata lebo ya Kranky ya Chicago wakaitoa kwa CD. Muziki ulipangwa upya na kuongezwa, kutoka kama dakika 38 hadi zaidi ya saa nzima. Ni kazi nzuri, tena wengi wanaijua hiyo tu. Ila CD haina mfuo wa kufunga, kwa hiyo ∞ ya kwenye CD imebaki kuwa jina.

Sasa niseme kinachonikosesha usingizi kwa upande wa ufundi. Muziki wao hupanda. Unaanza na gita moja likinong'ona, fidla inaingia, ngoma zinafuata polepole, na baada ya dakika kumi na kitu watu wote tisa wanapiga kwa nguvu zao zote. Albamu yao ya mwaka 2000, Lift Your Skinny Fists Like Antennas to Heaven, ni dakika 87 zilizogawanywa vipande vinne, kila kipande na upande wake wa santuri. Maana yake kilele mara nyingi huangukia karibu na katikati ya sahani. Kwa mchongaji huo ni mtihani. Ukingoni sindano hupita karibu sentimita 50 za mfuo kwa sekunde. Karibu na lebo, kama 20 tu. Wimbi lile lile la sauti linabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na wa kwanza kuumia ni fidla na matoazi, ambao huanza kukwaruza. Ongeza na hili: sauti kubwa hutaka mfuo mpana, na upande wa dakika 22 hauna nafasi ya kugawa ovyo. Mwanamuziki wa pop huweka wimbo wenye kelele mwanzoni mwa upande na wa taratibu mwishoni. Hawa wamekwenda kinyume. Mimi huo mkwaruzo kidogo nimeuzoea, hata naupenda.

Walisimama mwaka 2003, wakarudi 2010, na selo haikurudi. Isikilize albamu ya 2012, 'Allelujah! Don't Bend! Ascend!, utaona pengo lake: fidla iko peke yake juu, magita yamejaza chini yote kwa mvumo mzito. Hapo napo waliichezea sahani. Vipande viwili vya dakika 20 vimekaa kwenye santuri kubwa. Viwili vifupi, vya mvumo mtupu, vimewekwa kwenye santuri ndogo ya inchi 7. Kwenye CD vinapishana, kirefu kwa kifupi. Kwenye santuri ni wewe unayeamua kama ile ndogo itangulie, ifuate au ibaki kwenye jalada.

Huna gramafoni? Sikiliza kwa simu, lakini vaa spika za masikioni na uzime ule mpangilio wa kusawazisha ukubwa wa sauti, kwani baadhi yake huinua mnong'ono na kukandamiza kilele. Kisha, kabla ya kuanza mwanzo, ruka hadi dakika ya kelele kuliko zote, weka sauti pale masikio yanapovumilia, urudi nyuma. Mwanzoni utadhani simu imekufa. Usiiguse.