Kupandisha mkondo wa kifaa cha neva ya vagasi: robo kwa robo

Kifaa cha kuchangamsha neva ya vagasi (neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni) kwa mgonjwa wa kifafa kwa kawaida tunakiwasha wiki mbili hivi baada ya upasuaji, kidonda kikishafunga. Usiguse namba yoyote kabla ya kupima ukinzani wa waya. Weka kifimbo cha kusomea juu ya kifaa, chini ya mtulinga wa kushoto. Ukisoma zaidi ya omu 5,300, huenda waya umekatika au haujashika neva vizuri. Hapo kuongeza mkondo ni kazi bure. Rudisha 0 na umpeleke mgonjwa eksirei.

Waya ukiwa mzima, anza na miliampia 0.25. Panda 0.25 kila wiki moja au mbili. Lengo ni kati ya 1.5 na 2.25. Mipangilio mingine ya kifaa huwa: kasi ya mapigo hezi 20 hadi 30, upana wa pigo mikrosekunde 250 au 500, kuwaka sekunde 30, kupumzika dakika 5.

Ukishapandisha, usimwachie mgonjwa aondoke. Mwambie ahesabu kwa sauti mzunguko unapoanza. Utasikia sauti inakwaruza, kisha inarudi safi kifaa kinapopumzika, kwa sababu neva ya zoloto (kisanduku cha sauti kooni) ni tawi la vagasi hiyohiyo. Kukwaruza kidogo kunavumilika, na wengi huzoea. Akikohoa mfululizo au koo likimkaba, wengi hukimbilia kushusha mkondo. Mimi nashusha kwanza upana wa pigo, kutoka 500 hadi 250, kisha hezi, kutoka 30 hadi 20. Mkondo naugusa mwisho. Ila kumbuka pigo jembamba linahitaji mkondo mkubwa kidogo ili neva isisimke vilevile.

Kosa ninaloliona sana ni kusahau sumaku, ile ambayo mgonjwa au ndugu huipitisha juu ya kifaa ili kiwake papo hapo wakati wa degedege. Mkondo wake uwe juu ya ule wa kawaida kwa 0.25, kwa sekunde 60. Ukipandisha mmoja na kuuacha mwingine, ndugu watapitisha sumaku kifuani wakati wa degedege bila kuongeza chochote. Wafundishe pia kwamba sumaku ikishikiliwa palepale, kifaa husimama. Inamfaa mwalimu anayetaka kusoma kwa sauti.

Mapumziko usiyafupishe kabla mkondo haujafika lengo. Dakika 5 zikiwa 3, muda wa kufanya kazi hupanda kutoka asilimia 10 hadi 16, na betri nayo huisha mapema.

Kabla ya kipimo cha MRI, mikondo yote iwe 0, ya sumaku ikiwemo. Andika namba za zamani kwenye kadi ya mgonjwa kwanza, ndipo uzime.