Macho ya Jukwaani: Upendeleo na Lugha ya Wazazi na Mashabiki wa Soka ya Vyuo Marekani

Mwezi Novemba 1951, vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth vilikutana katika mechi ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kofia ngumu, na mchezo ukachafuka mapema. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alitoka uwanjani katika robo ya pili akiwa amevunjika pua. Katika robo ya tatu mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Magazeti ya wanafunzi wa pande zote mbili yaliendelea kurushiana lawama baada ya mechi, na ndipo wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril walipoamua kuwaonyesha wanafunzi wa kila chuo filamu ileile ya mchezo huo na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliwaona wachezaji wa Dartmouth wakitenda wastani wa makosa 9.8. Wanafunzi wa Dartmouth, wakitazama filamu hiyohiyo, waliona 4.3. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na hakukuwa na sababu ya kudhani kwamba upande wowote ulidanganya.

Ninaanza na mechi hiyo ya zamani, ingawa si ya soka, kwa sababu wazazi wanaofika ofisini kwetu kuzungumzia matusi ya mtandaoni huwa wanataka tuzungumzie adabu, ilhali kwa maoni yangu adabu ni suala la pili. Mtu anayeandika saa nne usiku kwamba refa alinunuliwa, au kwamba beki fulani hajui mpira, mara nyingi si mtu wa tabia mbaya. Ni mtu anayeamini kwa dhati kwamba aliiona mechi kama ilivyokuwa, na imani hiyo ndiyo inayompa ujasiri wa kutumia maneno ambayo asingeyatamka mbele ya mhusika. Tatizo ni kwamba jicho lililosafiri saa tano barabarani kwenda kumtazama mtoto mmoja halikuwatazama wale wengine ishirini na mmoja. Mzazi humwona mwanawe akikimbia mbele bila kupewa pasi, akakasirika. Hakuona kwamba nyuma yake aliacha uwazi ambao kiungo mwenzake alilazimika kuuziba, na kwamba ndiyo maana huyo kiungo hakuwa na nafasi ya kutoa pasi anayolaumiwa kutoitoa.

Soka ya vyuo ina mazingira yake. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Desemba, chini ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, chenye madaraja matatu. Mashindano yake ya wanawake yalianza mwaka 1982, na leo katika daraja la kwanza timu 64 huingia hatua ya mtoano upande wa wanawake na timu 48 upande wa wanaume. Ukiacha vyuo vichache vyenye wafuasi wengi, jukwaa la kawaida hujaa ndugu, wanafunzi wenzao na wakazi wachache wa mji. Hilo linabadilisha sura ya matusi. Mwaka 2024 NCAA ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na kampuni ya Signify, ambayo ilipitia zaidi ya jumbe milioni 1.3 zilizoelekezwa kwa wanamichezo, makocha na waamuzi wa mashindano kadhaa ya vyuo. Jumbe zipatazo 72,000 zilitiliwa shaka na mitambo, na baada ya kukaguliwa na watu, zaidi ya 5,000 zikathibitishwa kuwa za matusi, vitisho au ubaguzi. Sehemu kubwa iliwalenga wachezaji wa mpira wa kikapu, na wanawake wa mchezo huo walitishiwa takriban mara tatu zaidi ya wanaume. Baadhi ya watukanaji walikuwa watu waliobeti wakapoteza fedha.

Katika kikapu, basi, mtukanaji anaweza kuwa mgeni aliyechaniwa mkeka. Katika soka, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni mtu anayemjua mchezaji kwa jina, anayejua chumba chake bwenini kiko ghorofa ya ngapi, na ambaye Jumapili iliyopita alikula naye wali kwenye meza ya pamoja ya wazazi.

Nitoe mfano, nikibadilisha majina. Tumwite Mama Zawadi, mkazi wa mji mmoja wa Ohio, ambaye binti yake alikuwa mwaka wa pili na akiingia uwanjani dakika ishirini za mwisho tu. Mbele ya binti huyo, katika nafasi ya beki wa kushoto, alikuwepo msichana wa mwaka wa nne. Dakika ya 71 msichana huyo alipokonywa mpira, timu ikafungwa. Mama Zawadi, akiwa bado amekaa jukwaani na blanketi magotini, alifungua simu na kuandika kwa jina lisilo lake, mahali ambapo mashabiki wa timu hukutana: kwamba huyo beki ameisha tangu mwaka jana, kwamba anacheza kwa sababu baba yake anachangia mfuko wa timu, na kwamba kocha ni kipofu. Watu kumi na wawili waliunga mkono kabla mechi haijaisha. Safari ya kurudi chuoni ilikuwa ya saa tatu, na ndani ya basi ujumbe ule ulipita kutoka kiti hadi kiti. Binti wa Mama Zawadi aliusoma naye. Aliitambua lugha ya mama yake katika sentensi ya kwanza.

Kosa la mama huyu halikuwa kusema kwamba beki alipoteza mpira, kwa maana alipoteza kweli, tena mbele ya watu wote. Kosa lilikuwa kuficha kwamba anayehukumu ana mtoto anayesubiri nafasi hiyohiyo. Katika baraza la kijiji, mzee mwenye shamba linalopakana na shamba la ugomvi hutarajiwa kusema mapema, «mimi ni jirani wa hapo», ili wasikilizaji wajue jinsi ya kuyapima maneno yake. Mtandaoni utaratibu huo umepotea. Nimesoma mijadala mirefu kuhusu timu moja ambamo watu watatu wanaojiita mashabiki wasio na upande walikuwa, kwa hakika ninayoifahamu, baba, mama na mjomba wa mchezaji mmoja. Jina bandia lina matumizi yake halali, hasa kwa anayeogopa kulipiziwa kisasi, lakini halimwondolei mtu wajibu wa kusema kwamba ana maslahi.

Na maslahi yenyewe si madogo, jambo ambalo watu wasio na watoto katika timu hizi hulisahau wanapowacheka wazazi. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili wenye thamani ya nafasi kamili 9.9 tu, na timu ya wanawake nafasi 14, ambazo kocha alizigawa vipandevipande kwa wachezaji zaidi ya ishirini. Tangu msimu wa 2025, vyuo vilivyoingia katika mapatano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, vimeondolewa ukomo huo wa ufadhili, lakini kikosi kimewekewa mwisho wa wachezaji 28. Kwa vyuo vilivyozoea kuandikisha zaidi ya hapo, maana yake ni vijana kuachwa. Ongeza urahisi wa kuhama chuo, ambao umeongezeka sana katika miaka ya karibuni, na utaelewa kwa nini kila dakika ya benchi husomwa nyumbani kama barua ya kufukuzwa. Hofu ya namna hiyo ninaiheshimu. Ninachokataa ni kuifanya hofu hiyo ionekane kuwa uchambuzi wa mpira.

Kuna jambo jingine linalochochea dhana mbaya, nalo ni ukimya wa kocha. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu faragha ya kumbukumbu za elimu, FERPA, inahamishia haki juu ya kumbukumbu hizo kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanafunzi anapofikisha miaka 18 au anapoingia chuo. Kwa hiyo kocha hawezi kutangaza kwamba kijana fulani amekaa nje kwa sababu alama zake zimeshuka. Mambo ya afya nayo hutunzwa kwa siri: goti linalofanyiwa uchunguzi, usingizi uliopotea, dawa alizoanzishwa mwezi uliopita. Wakati mwingine mchezaji na kocha wamekubaliana kwamba asicheze msimu huo kabisa, ili autunze miongoni mwa misimu yake minne ya kushindana. Mashabiki, wasiojua lolote kati ya hayo, hujaza pengo kwa kisa: kocha ana upendeleo, kocha amegombana na familia, kocha anatafuta kijana wa kutoka Ulaya. Kisa hicho kikirudiwa na watu watano hugeuka kuwa habari, na mtu pekee anayeweza kukikanusha amefungwa mdomo, au ni kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hataki dunia ijue habari za alama zake.

Hata hivyo, nisingependa maneno yangu yatumike kumnyamazisha anayelalamikia ubaguzi, kwa kuwa ubaguzi upo na umepimwa. Mwaka 2020 kampuni ya RunRepeat, ikishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa wa Uingereza, ilichambua kauli 2,073 za watangazaji katika mechi 80 za ligi nne kubwa za Ulaya. Sifa za akili ya mchezo ziliwaendea wachezaji wenye ngozi nyeupe zaidi kwa asilimia 62.6, na wenye ngozi nyeusi zaidi walikuwa na uwezekano mara 6.59 zaidi wa kuelezwa kwa nguvu zao. Mchezaji mmoja husifiwa kwa «kusoma mchezo» na mwingine, kwa pasi ileile, husifiwa kwa misuli. Vijana wenye asili ya kwetu wamepita katika mfumo huu. Handwalla Bwana, aliyezaliwa Mombasa, alichezea Chuo Kikuu cha Washington kabla ya kuingia Seattle Sounders mwaka 2018. Mzazi wa Kiafrika anayesikia kila wiki kwamba mwanawe ni «farasi» ana haki ya kuuliza kwa nini hakuna anayetaja pasi zake.

Ila tuwe wakweli. Katika makundi yetu ya WhatsApp ya Kiswahili, hapahapa Marekani, nimesoma mara nyingi kwamba «Wamarekani hawajui mpira, wanajua kukimbia tu», na kwamba timu ya wanawake «si ya kuangaliwa» isipokuwa mtoto wa fulani akicheza. Chuo Kikuu cha North Carolina kimeshinda ubingwa wa wanawake zaidi ya mara ishirini, na bado yupo shemeji atakayekuuliza kama wanawake wa huko wanajua kuotea ni nini. Tunaomba tupimwe kwa haki, na wakati huohuo tunawapima wengine kwa kibaba chetu wenyewe.

Ubishi wa kanda nitaugusia kwa kifupi, kwa sababu hauumizi sana. Kwa miaka mingi RPI, kipimo cha kupanga timu za vyuo kwa ubora, kimeyapa robo ya uzito matokeo ya timu yenyewe, nusu matokeo ya wapinzani wake, na robo iliyobaki matokeo ya wapinzani wa wapinzani wake. Ukichukulia kwamba robo tatu nzima inategemea umecheza na nani, si ajabu kwamba mashabiki wa ACC na wa Big Ten, ligi mbili za vyuo, hawawezi kukubaliana ligi ya nani ni ngumu. Wabishane, huo ni utamu wa mpira.

Yanapofika kwa mchezaji mmoja mmoja, ushauri wangu ni wa kikazi. Vilabu vingi vya vijana Marekani vina kanuni ya saa 24, kwamba mzazi asimfuate kocha kuzungumzia mechi kabla siku moja haijapita. Kanuni hiyo inafaa pia kwa kidole kilicho juu ya kitufe cha kutuma. Ukiandika, taja dakika na tendo, kama vile «dakika ya 71 alichelewa kutoa mpira», badala ya kutaja tabia, familia au mwili wa mtu. Ukiwa na mtoto, mpwa au mchumba kikosini, sema. Kwa lalamiko la ubaguzi, andika tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, kisha lipeleke kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia haki sawa, ambako litalazimika kujibiwa. Likitupwa kwenye mjadala wa mashabiki linageuka kuwa ubishi wa kawaida, na ushahidi wako unazikwa chini ya maoni mia mbili. Na kama ujumbe umeelekezwa kwa mtoto wako ukiwa na vitisho, upigie picha ya skrini kabla hujaufuta au kumzuia mtumaji, kwa sababu chuo na polisi watauhitaji.

Mama Zawadi alikuja kwetu wiki mbili baadaye, baada ya binti yake kukataa kupokea simu zake. Nilimpa rekodi ya mechi na karatasi yenye safu mbili, nikamwomba ahesabu mipira iliyopotea na wote wawili, kwa dakika walizocheza. Alikaa na kompyuta karibu saa nzima, akirudisha nyuma mara kwa mara. Karatasi aliyonirudishia ilikuwa na vijistari vingi vilivyokatwa na kuandikwa upya, hasa kwenye safu ya bintiye. Hakunieleza jumla, nami sikuuliza. Aliuliza kama inafaa amwandikie yule beki wa kushoto moja kwa moja au ampitie mama yake kwanza, maana yeye na mama huyo huketi safu moja kila Jumapili na bado hawajazungumza.